Radieta ya Mama Moonsamy

Kwa miaka thelathini na minne Mzee Vénérand hakugusa radieta. Ya mwisho aliiacha Kharkiv, kwenye hosteli ya wanafunzi, mwaka 1990, siku alipopanda ndege kurudi Bujumbura na cheti cha fundi wa kupasha nyumba moto. Bujumbura hakuna nyumba inayopashwa moto. Lakini serikali ilikuwa imepewa nafasi za masomo na Wasovieti, nafasi ya Vénérand ikawa hiyo, na mwenzake mmoja kutoka mkoa wa Ngozi alisomea meli za kuvunja barafu.

"Tulicheka, bwana," huwa anasimulia. "Tulicheka sana. Lakini tulisoma."

Cheti kiliungua pamoja na nyumba mwaka 1993. Yeye na mkewe Godelive walivuka kwenda Tanzania, wakakaa kambini Kigoma miaka tisa, na hapo ndipo Kiswahili chake kilipopata huo unadhifu ambao Wakongo wa Durban humtania nao. Kisha Malawi, Msumbiji, Durban. Hapa amelinda magari ya watu, ameziba masufuria pale soko la Warwick, na kwa miaka kumi na tano sasa anatengeneza mabomba, vyoo na yale matangi ya kupasha maji wanayoyaita geyser, katika maghorofa ya mitaa ya Point na Albert Park. Hufanya kazi hiyo bila kadi. Hapa fundi bomba anatambuliwa kwa kadi ya usajili, na bila kadi hata ukitengeneza vizuri kuliko wote huwezi kusaini hati ya kazi. Kampuni ikikuachia ushike mabomba yake, ni kosa lake na lako. Mimi nimesoma chuo hapahapa Durban, nimekaa darasani nikiambiwa bara hili halina wataalamu, na kila jioni nilikuwa nikirudi nyumbani nakuta mtaalamu amekaa kwenye ngazi ya jengo letu anasafisha spana kwa mafuta ya kupikia. Sijui hasira hiyo niiweke wapi. Nimeamua kuiandika.

Vénérand amefundisha vijana wengi. Aliyefika mbali ni Achille, Mkongo wa Uvira, aliyeajiriwa na kampuni moja ya mabomba kule Clairwood. Vénérand si mwalimu wake tu. Achille alipomwoa Gracieuse, Vénérand na Godelive ndio waliosimama nao kanisani kama parrain na marraine, yaani wasimamizi wa ndoa. Kwetu hilo si jambo la siku ya picha. Parrain ni wa maisha. Mkigombana, mnakwenda kwake. Mtoto akizaliwa, yeye ndiye wa kwanza kuambiwa. Na kukitokea baya, yeye ndiye anayelipeleka nyumbani kwa mdomo wake. Halitumwi kwa simu.

Mwaka huu Achille alikuwa anangoja barua. Bosi wake alikuwa amemwahidi kumwandikia kwamba amefanya kazi chini yake miaka sita, na kwa barua hiyo angeruhusiwa kufanya mtihani wa ufundi. Akifaulu, kadi. Kadi yake mwenyewe, yenye picha na jina lake. Kuandikisha majina ya mtihani kulikuwa kunafungwa mwisho wa Julai. Bosi akasema: maliza nyumba ya Westville, mteja asaini kwamba ameridhika, Ijumaa nakupa barua.

Jumatano jioni Achille alikuja kwenye jengo letu akiwa bado na ovaroli. Tulikuwa tumekaa na Vénérand pale ngaziani.

"Papa parrain," akasema, "radieta moja imenikatalia."

Vénérand aliweka spana chini. "Sema tena."

"Radieta. Kule Westville. Ile mama aliishi Uingereza miaka mingi, akarudi na hizo desturi. Nyumba nzima iko na radieta sita. Tano ziko moto. Ya chumba chake iko baridi kama maiti."

"Radieta ya gari hupoza," nikasema, "hii inapasha?"

"Msomi, nyamaza, watu wazima wanaongea," Achille akasema, lakini alicheka. Huniita msomi tangu nipate digrii. Jina langu ni Eddy, na kazi yangu ni kubadilisha vioo vya simu.

Vénérand hakucheka. "Umetoa hewa?"

"Mara tatu."

"Pampu?"

"Nimebadilisha. Vali nimebadilisha. Sasa nimebaki mimi tu wa kubadilisha. Na kesho kutwa bosi anapita."

Mzee alisimama, akaingia ndani, akatoka na sweta. Sijui alifikiri tunaondoka saa ileile. Godelive akamwita kutoka dirishani kwa jina la binti yao, "Baba Odette, unakwenda wapi na hiyo sweta?" Akajibu kwa Kirundi jambo ambalo lilimfanya mama yule acheke peke yake kwa muda mrefu.

Asubuhi tulikwenda. Achille alitangulia na bakkie ya kampuni. Hakuweza kumpakia Vénérand kwa sababu ile pikapu ina kifaa cha kuonyesha iko wapi na kamera ya kuonyesha nani amepanda. Kwa hiyo nilimchukua mimi kwa Corolla yangu, na pia kwa sababu mzee alitaka mtu wa Kiingereza cha shule. Yeye ana Kizulu cha Warwick na Kirusi kisichomfaa mtu yeyote hapa. Kiingereza chake kinaishia kwenye majina ya vifaa.

Njia nzima alikuwa akizungumza. Sijawahi kumsikia akizungumza hivyo. Alieleza jinsi walivyokuwa wanakausha soksi juu ya radieta, jinsi mwalimu wao alivyokuwa akiwafunga macho na kuwaambia wataje kwa kiganja tu bomba lipi linakwenda na lipi linarudi. "Linalokwenda lina haraka," akasema. "Unalisikia kwenye ngozi." Kwenye robot ya kuingilia Westville taa ikawa kijani na mimi bado nilikuwa namtazama, nikapigiwa honi.

Mama Moonsamy alitufungulia mwenyewe. Alikuwa nesi mstaafu, amefanya kazi kaskazini mwa Uingereza miaka thelathini na moja, na baridi yabisi ilikuwa imemkunja vidole hata kitasa alikizungusha kwa kiganja. Alivaa sweta mbili na kofia ya sufu. Usiniambie Durban haina baridi. Chumba chake kiko upande ambao jua la Julai halifiki, ukuta wa matofali ya zamani, na asubuhi ile nilipotoa pumzi niliiona.

"Wewe ni mtaalamu?" akamuuliza Vénérand kwa Kiingereza.

Nikatafsiri. Mzee alivua kofia. "Mwambie nilisomea hii."

Hakufungua begi la vifaa. Alipiga magoti mbele ya radieta, akafumba macho, akashika bomba la kushoto kwa mkono mmoja na la kulia kwa mkono mwingine, pale yanapotoka ukutani. Akakaa hivyo. Kisha akaweka kiganja katikati ya lile bati jeupe, akakiondoa, akashika mabomba tena. Achille alikuwa amesimama mlangoni anatafuna kidole.

"Achille. Njoo ushike."

Achille akashika. "Yote iko moto."

"Yote mawili?"

"Yote mbili, papa."

"Na katikati?"

"Baridi."

"Haya. Twende nje."

Nje, karibu na boila ya kupashia maji iliyokuwa inanguruma ndani ya kibanda chake, Vénérand aliokota kipande cha boksi na kuchora mistari miwili. Alinieleza mimi, lakini alikuwa anamwambia Achille. Nyumbani tunajua maji ya bomba: yanatoka kwenye geyser, yanafika kwenye bomba la sinki, yanamwagika, kwisha. Haya si hayo. Maji ya radieta hayamwagiki. Yanatoka kwenye boila kwa bomba moja, yanaingia radieta upande mmoja, yanaacha moto wake, yanatokea upande wa pili, yanarudi kwa bomba jingine kwenda kupashwa upya. Kila radieta ni lazima ishike bomba la kwenda kwa mkono mmoja na la kurudi kwa mkono mwingine.

"Sasa hii imeshika la kwenda kwa mikono yote miwili," akasema. "Maji yanasukuma kutoka huku, yanasukuma kutoka kule. Hayana pa kutokea. Yamesimama tu." Akamtazama. "Hizi tano nyingine nani alizifunga?"

"Prodige. Yule aliyetoka Joburg, alikuwa anajua. Akaacha kazi. Bosi akaniambia ile ya sita nimalizie."

"Peke yako."

"Peke yangu."

"Na mabomba yote mawili uliyaona ukutani?"

Achille alikaa juu ya ndoo. "Niliyaona, papa. Nilishika. Moja iko moto kabisa, nikafunga uzi mwekundu, vile ulinifundisha. Ingine iko vuguvugu. Nikauliza, hii inatoka wapi? Nikaona inatoka kwa zile radieta zingine. Donc, kwa hiyo ni maji imeshapita sebuleni, imeshapita jikoni, imeshapita kwa chumba ya wageni." Akapangusa uso. "Ile mama ni mgonjwa. Ni mama mzima. Sasa mimi nimpatie maji ya mabaki? Nikasema hapana. Huyu anapata moto mpya pande zote mbili."

Nilicheka kabla sijajizuia. Vénérand pia alianza kucheka, mabega yakatikisika, halafu akaacha ghafla, na akabaki anakitazama kile kipande cha boksi. Niliuona uso wake ukibadilika.

"Mimi ndiye niliyekufundisha maji ya moto," akasema. "Ya kurudi sikukufundisha. Nilisema nitamfundisha ya nini, huku hakuna."

Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Ni ya muda wa saa nne au tano. Tatizo ni kwamba maungio yalikuwa ndani ya ukuta wa bafu la Mama Moonsamy, nyuma ya vigae vipya alivyochagua mwenyewe, vya buluu. Huwezi kuvunja vigae vya mtu bila kumwambia kwa nini.

"Tumwambie kuna hewa ndani ya ukuta," akasema Achille.

"Hewa ndani ya ukuta!" nikasema. "Yule ni nesi, si mtoto. Mwambieni ukweli. Kwamba palikuwa na kosa, kosa limeonekana, leo linaondoka. Mtu akikosea akarudi mwenyewe kurekebisha, huyo ndiye fundi. Kwa nini sisi kila siku tuishi kama wezi hata mahali tunapotenda haki?"

"Eish, msomi. Wewe unahubiri. Mimi niko na mtoto na barua."

"Uongo ukijulikana ndiyo utakosa barua."

Tulimgeukia mzee. Parrain akisema, basi. Nadhani alikuwa amechoka kwa ajili ya lile la kutomfundisha, na mimi nilikuwa naongea kwa nguvu.

"Eddy amesema sawa," akasema. "Mama aambiwe."

Achille aliinua mikono. "Sharp, sawa. Mwambie. Lakini umwombe asimpigie bosi. Hiyo ndiyo kitu moja mi naomba. Bosi akijua nimeleta mtu asiye na kadi, nimekwisha. Umesikia? Mimi nazima boila. Usisahau hiyo ya bosi."

Nikaingia ndani na Vénérand, tukamkuta Mama Moonsamy jikoni ameshika kikombe kwa viganja vyote viwili. Nilimweleza kila kitu. Nilieleza vizuri, kwa Kiingereza kizuri, mpaka yale ya maji ya mabaki, na hapo aliweka kikombe chini, macho yakamlengalenga, akasema hajawahi kufanyiwa kosa la heshima namna hiyo. "Vunjeni," akasema. "Vigae vya akiba viko gereji."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema lile la bosi. Vénérand alinitazama. Yeye alifikiri nimeshalisema, maana nilikuwa nimeongea sana. Sikulisema. Sikusahau. Niliona ni kuombaomba. Tulikuwa tumesimama mbele ya mwanamke huyu kama watu, tumesema kweli, naye ameipokea kama mtu, na mimi sasa nimwambie, tafadhali mama, tufiche? Nilikataa moyoni mwangu, nikanyamaza, na nilijisikia msafi.

Walifanya kazi. Walimwaga maji ya mfumo bustanini kwa mpira. Walitoa vigae vinne, vitatu vikatoka vizima. Nyuma yake palikuwa na mabomba mawili yamevikwa sponji ya kijivu, na kwenye moja uzi mwekundu wa Achille bado umefungwa vizuri, mafundo mawili. Vénérand alivaa miwani yake, ile yenye mpira wa suruali nyuma ya kichwa. Alimwachia Achille akate. Yeye akashika taa na kusema: hapo, si hapo, nusu kidole chini. Wakaziba tundu la pili kwenye bomba la kwenda, wakatoboa njia kwenye la kurudi, wakalehemu. Moto wa kulehemu aliushika mzee mwenyewe, na taa akampa Achille.

"Papa, ata kijana hawezi hivi," Achille akasema.

"Shika taa, acha siasa."

Saa nane mchana walijaza maji, wakawasha boila. Tulikwenda wote chumbani, na Mama Moonsamy akaketi ukingoni mwa kitanda chake. Vénérand akatoa ule ufunguo mdogo wa kutolea hewa, akaufungua pembeni juu. Radieta ikapumua kwa muda mrefu, ikatema maji kidogo kwenye kitambaa, akafunga. Kisha akaweka kiganja kwenye kona moja na kuanza kukisogeza polepole, kana kwamba anamsindikiza mtu ng'ambo ya barabara. Alipofika mwisho alishika bomba la kulia.

"Hili lina baridi kidogo kuliko lile," akasema. "Mwambie ndivyo inavyotakiwa. Mwambie sasa maji yana pa kwenda."

Nikamwambia. Mama Moonsamy alivua kofia. Akaegesha mgongo wake wote kwenye lile bati na kufumba macho. Achille alikuwa anatabasamu mpaka nikaona lile pengo la jino lake la nyuma ambalo hulificha.

Mama Moonsamy alitukaribisha chai na samosa. Akasaini karatasi ya Achille, ile ya kuridhika, kwa kalamu aliyoikamata kama kisu. Halafu akasema, "Subirini," akachukua simu.

"Nataka tu bosi wako ajue ana mtu wa aina gani," akamwambia Achille, na simu ilikuwa tayari inaita, sauti imefunguliwa ili sote tusikie anavyosifiwa.

Achille alinitazama. Mimi nilitazama sahani.

Alimsifu kweli. Alisema kijana wako ni mwaminifu, amerudi mwenyewe, amekiri kosa, amevunja kidogo sana, na yule mzee aliyekuja naye ni bingwa, sijawahi kuona mtu akitibu radieta kwa viganja.

"Mzee gani?" bosi akauliza.

"Huyu mzee wenu. Vénérand."

"Mama, mimi sina mzee wa jina hilo."

Mama Moonsamy alitutazama mmoja baada ya mwingine, na hapo nesi ndani yake akaelewa, niliona, lakini mdomo ulikuwa umeshatangulia. Alijaribu. Alisema amesaidia tu, amesimama pembeni.

"Amelehemu?"

Mama akajibu ndiyo. Hakuwa mtu wa kusema uongo. Nani alimwambia kwamba nyumba hii ni ya ukweli, kama si mimi?

"Lakini inafanya kazi," akasema. "Nina joto. Katika wiki sita, leo ndiyo siku ya kwanza nina joto."

"Nafurahi, mama. Nafurahi kweli. Lakini lile bomba likipasuka mwezi ujao, watu wa bima wataniuliza nani aliyelishika, na mimi nitasema nini? Nipe Achille."

Hakukuwa na haja ya kupewa, sote tulikuwa tunasikia. Bosi hakupiga kelele. Alisema, "Achille, leta funguo za bakkie. Leo." Akakata.

Mama Moonsamy alipiga tena, mara mbili, haikupokewa. Akamtumia bosi picha alizopiga kabla vigae havijarudishwa, akasema ataandika barua. Akasema anamjua wakili. Alikuwa analia sasa, vidole vyake vilivyokunjika vimeshika simu, akirudia kwa nini hamkuniambia, kwa nini hakuna aliyeniambia.

Nje, Achille alinisubiri karibu na Corolla.

"Ile ya bosi. Ulimwambia?"

"Sikumwambia."

"Ulisahau."

Ningeweza kuitikia. Aliniachia mlango wazi kabisa. "Sikusahau," nikasema.

"Msomi," akasema, safari hii bila utani hata chembe, akapanda bakkie.

Clairwood malori yalikuwa yamejipanga mpaka barabara kuu. Tulifika getini nyuma ya Achille. Mlinzi alikuwa ameshaambiwa. "Funguo tu, baba," akamwambia Vénérand kwa Kizulu, "ndugu yangu, nimeambiwa funguo tu." Vénérand alimbembeleza kwa Kizulu chake chote cha Warwick, mpaka mlinzi akaona aibu, akaingia ndani kumwita mkubwa wake.

Bosi alitoka. Mtu wa makamo, mikono yenye makovu ya kulehemu. Naye alikuwa fundi, ilionekana. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Vénérand alinishika mkono nisiseme, akasema mwenyewe, kwa Kiingereza chake cha vifaa: mimi nilimfundisha. Kosa langu. Bomba zuri sasa. Zuri sana.

"Nakuamini, mzee," bosi akajibu. "Niliangalia picha alizonitumia yule mama. Ni kazi safi. Ndiyo shida yenyewe, umeelewa? Mtihani unataka niandike kwamba kazi zake kazifanya yeye, chini yangu. Siwezi kuweka sahihi yangu hapo. Si baada ya leo."

Akachukua funguo. Akampa Achille mkono, na Achille, sijui kwa nini, akaupokea.

Achille hakutaka kuja nasi. Alisema atatembea kidogo. Kutoka Clairwood hadi mjini si kutembea kidogo, lakini tulimwacha, maana Vénérand alikuwa na kazi yake ya kufanya na ilikuwa lazima aifanye kabla mume hajafika nyumbani. Habari mbaya ni ya parrain.

Gracieuse anasuka nywele katika saluni moja ya ghorofani karibu na Barabara ya Albert Park, viti vinne, kioo kimoja. Saa kumi jioni kulikuwa na wateja. Yeye alikuwa katikati ya kichwa cha binti mmoja Mzulu, nusu imesukwa, nusu imesimama. Alipomwona Vénérand mlangoni na sweta yake begani alijua. Si saa ya parrain kuja saluni.

"Papa parrain. Karibu, kaa."

Mzee akakaa kwenye kiti cha mteja kilichokuwa wazi. Kioo kilimwonyesha uso wake, akageuza macho.

"Achille iko mzima?" akauliza Gracieuse.

"Mzima. Anatembea, anakuja."

Vidole vyake havikusimama. Alichukua fungu jingine la nywele, akaligawa mara tatu. "Na barua?"

"Hakuna barua, mwanangu. Na kazi hakuna."

Nilitaka kusema kwamba ni mimi. Nilifungua mdomo. Vénérand alitikisa kichwa kidogo sana, na hata sasa sijui alikuwa ananilinda mimi, au aliona kwamba mwanamke huyu ana mzigo wa kutosha bila kupewa na mtu wa kumchukia.

"Lakini si uliitengeneza?" akasema Gracieuse. "Si ndiyo ulienda kuitengeneza?"

"Nimeitengeneza."

"Iko na moto?"

"Ina moto sana."

Binti Mzulu aliuliza kwa lugha yake kuna nini, dada, mbona unavuta. Gracieuse alimwomba radhi, akalegeza mkono. Alisuka mistari miwili mizima. Vénérand alikuwa ameweka viganja juu ya magoti yake, vimefunguka, bado vina masizi ya moto wa kulehemu, na hakuwa na pa kuvipeleka.

"Basi kaeni," Gracieuse akasema mwishowe. "Huyu analipa saa kumi na moja. Wacha nimalize kichwa chake."